Nilisema Nimesoma

Admin, jina langu lifiche, na mtaa usiutaje. Andika Likoni tu, Likoni tuko wengi. Mimi ni binti wa miaka ishirini na mbili, mwaka wa tatu nasoma chuo kikuu huko Uturuki. Sasa niko nyumbani likizo, na kila mgeni akibisha hodi natamani kuingia uvunguni. Sijaiba wala sijachukua mume wa mtu. Nilichofanya wengine watakiona kidogo, lakini mimi naona haya hata kumtazama mamangu usoni.

Nyanya yangu, mzaa mama, alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani. Watoto wa mtaa mzima walisomea barazani kwake, mimi nikiwa mmoja wao. Mtoto akisema ameshasoma sura aliyopewa, Nyanya humtazama kwa upole akamuuliza, "Umesoma, au umesema?" Ukinyamaza hapigi, anakwambia keti usome. Tulikuwa tukiigizana swali hilo njiani na kucheka mpaka majumbani.

Mwaka jana akafariki, nami niko masomoni. Mama alikuwa ametoka mara moja kumtafutia dawa, kurudi akakuta roho imeshatoka. Jambo hilo lilimkata sana, kwamba amemuuguza miezi yote ile kisha dakika ya mwisho hakuwapo. Mimi kuja haikuwezekana. Familia ikagawana juzuu thelathini za hitima, kila mtu asome yake popote alipo, ili siku ya dua Kurani iwe imesomwa yote. Nikaonewa huruma kwa ajili ya masomo, nikapewa Amma, juzuu ya mwisho, ile ya sura fupi fupi ambayo kila mtoto wa chuo huanzia. Amma naijua kwa moyo, Nyanya ndiye aliyenifunza. Nikiketi nayo haimalizi saa moja, na nilipewa siku tano.

Siku ya kwanza nikasema kesho. Ya pili nikasema kesho. Ya tano tulikuwa likizo, na wenzangu wa bweni walikuwa wamepanga twende kwenye bustani kubwa ya michezo nje ya mji. Nilijiambia nitasoma alfajiri kabla ya kutoka. Alfajiri ikanikuta natafuta nguo ya kupigia picha.

Wallahi palikuwa pazuri. Mimi nilizoea bembea za Idi zinazosukumwa kwa mikono, na pale kulikuwa na treni linalopanda juu kabisa kisha linapinduka na watu wake. Foleni yake ilikuwa ndefu, tulisimama zaidi ya saa nzima. Mwenzangu wa chumbani, msichana wa Tanga, alijua habari ya hitima. Akanikumbusha kwamba dua ni leo baada ya alasiri, na saa za Uturuki na za kwetu ni moja. Akaniambia Amma si ninayo moyoni, nianze pale pale, naye atanishikia mkoba. Nikamjibu hapa pana kelele. Kisha nikarudi kupiga picha na wenzetu, kelele zile zile zisinisumbue.

Tulipobakiwa na watu wachache mbele yetu, Shangazi akapiga simu. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, na nyuma yake nikasikia watu wengi.

"Shehe ashaketi, mwanangu," akasema. "Twangoja Amma yako tu. Ushasoma?"

Ningesema bado, wangenisubiri. Au mtu mwingine pale barazani angeisoma, ingekwisha kabla chai haijapoa. Lakini wenzangu wote walikuwa wamesoma, hata binamu yangu wa Port Reitz anayeingia kazini alfajiri. Niliona aibu kuwa mimi peke yangu ndiye niliyebaki. Nikasema nshamaliza, Shangazi.

Mama akaichukua simu, akaniita kwa jina. Nikaitika abee.

"Mungu akuweke," akasema. "Mimi sikuwapo alipokata roho, lakini kwenye hitima yake hakukosekana mtu. Sasa moyo wangu watulia."

Shehe akaanza dua. Waliposema amina ya kwanza, zamu yetu ikafika, nami nikaikata simu ili nipande. Yule msichana wa Tanga hakupanda. Alibaki na mikoba yetu, na tuliposhuka hakuniuliza kitu, wala hakunisema mpaka leo.

Jioni ile nilisoma Amma bwenini, na nimeisoma mara nyingi tangu hapo. Kwa hiyo msiniambie nisome, thawabu zitafika. Ninachojua ni kwamba dua iliombwa kwa juzuu thelathini, na siku ile zilikuwa ishirini na tisa. Mama hajui. Kila mgeni anayeingia humwambia, huyu masomo hayakumzuia, alimsomea nyanyake huko huko ng'ambo. Mimi nainama kama mwenye adabu.

Juzi ameniletea kijuzuu cha Nyanya kilichochakaa na kile kijiti chake cha kuonyeshea herufi. Amesema chuo hakiwezi kufa, nikifundishe mimi kwa miezi hii ya likizo, kwa kuwa Nyanya angetaka iwe mimi. Watoto wanaanza Jumatatu, na somo la kwanza ni Amma.

Nikimwambia Mama ukweli, nitampokonya kitu kimoja kilichomtuliza. Nikinyamaza, nitaketi mahali pa Nyanya, na mtoto atakuja kuniambia mwalimu nimesoma, nami nitatakiwa nimuulize lile swali.

Ndugu zangu, nitukaneni mkitaka, lakini nipeni na shauri kabla ya Jumatatu. Nyanya, mimi nilisema. Sikusoma.