Ua Lisilo na Jani

Harufu ya majani yanayooza baada ya mvua hunirudisha msituni Kakamega, nikiwa na miaka tisa, nikimfuata mama nyuma. Sijawahi kumsimulia mtu haya. Watafiti walikuwa wamempa mama kazi ya kuhesabu ua moja adimu. Halina jani hata moja. Hunyonya mizizi ya miti mingine, kisha huchomoza ardhini likiwa jekundu, lenye magamba makali kama nanasi changa. Nilipoliita jizi, mama alicheka. "Kila kinachonyonya kina mama yake," alisema. Alijua mahali panne tu lilipoota. Kila Jumamosi alipiga magoti kama anayeungama, akahesabu, akaandika daftarini. Mimi nilikatazwa kugusa, na kumwambia mtu.

Mwaka huo Tito, mtoto wa jirani yetu, aliugua. Walimpeleka hospitali mara mbili, homa ikazidi kurudi. Mtu akamwambia mama yake kwamba ua lile ni dawa. Mama Tito alinikuta mtoni nikichota maji.

"Muhonja, wewe unaendanga msituni na mama yako," alisema. "Nionyeshe moja tu. Nimemwomba yeye, amekataa."

Tito alikuwa ndiyo kwanza ajifunze kutembea. Alinipigia makofi kila nilipopita kwao. Nilimpeleka mama yake penye maua mengi zaidi, nikamwacha akichimba kwa jembe.

Tito alifariki wiki hiyohiyo. Jumamosi tulikuta mashimo matupu. Halikusalia hata ua moja. Mtafiti tuliyekuja naye alikuwa bado nyuma, njiani. Mama alitazama ardhi kwa muda mrefu, akainama, akaanza kupangusa matope kwa kiganja na kutandaza majani juu yake. Nilidhani anatafuta ua lililobaki. Kisha akaandika sufuri.

"Twende," aliniambia. "Kuna watu wa kupikiwa matangani."

Alisonga obusuma, ugali wetu, kwa mama Tito siku tatu. Mimi hakuniuliza neno. Niliungoja ukali wake hadi nikachoka, na kungoja huko kuliniuma kuliko kiboko.

Leo mama hayupo, nami nina watoto. Ndipo nilipoelewa alichokuwa akifuta: alama za ndala zangu ndogo, kando ya zile kubwa za mama Tito. Zile kubwa pia alizifuta.