Mboga za Mama Hazikupuliziwa Dawa

Nilikuwa kwenye kibanda changu hapa Suna nikipanga vitunguu simu ilipolia. Alikuwa Duke, mdogo wangu, kutoka Homa Bay.

"Moraa, keti kwanza."

"Nimeketi," nilimdanganya.

"Mama ametuacha. Nimempata bustanini."

Mama alikuwa bado ameshika kisu cha kukatia sukuma wiki. Mungu alimwita akiwa kazini.

Mama yetu, Bathsheba Bitutu, alizaliwa kwenye milima ya Kisii, akaletwa Homa Bay na baba, fundi seremala. Mwaka wake wa kwanza aliona wingu jeusi likipanda kutoka ziwani, akakimbia kumwita jirani yetu Emmaculate waende wakazime moto. Emmaculate alicheka mpaka akaketi chini.

"Mama, ziwa linaungua? Hao ni wadudu!"

Utani huo haukuisha. Hata nilipokuwa na miaka tisa, Emmaculate alikuwa bado anapita getini akiuliza, "Mkisii, moto umezimika?"

Mwaka huo wadudu wa ziwa walitua kwenye sukuma yetu mpaka majani yakawa meusi. Mama aliona matundu kwenye majani, akanunua dawa na kuazima pampu. Ilikuwa Ijumaa. Kabla hajafungua chupa, jua likazama. Sabato ikaingia, na mama hakuwa mtu wa kuibia Sabato hata dakika moja.

Kesho yake, baada ya kanisa, alichukua kigoda akaketi katikati ya mboga, mimi kando yake. Mikono ilikuwa imefungwa, lakini macho hayakufungwa. Alitazama mchana kutwa.

"Huyu hali kitu," alisema, mdudu mmoja akiwa kwenye ukucha wake. "Amekuja kufa tu."

Kisha akageuza jani lenye tundu. Chini yake alilala kiwavi wa kijani, amenenepa.

"Mwizi ndiye huyu! Na sisi tunasingizia wageni."

Jumapili alirudisha chupa dukani haijafunguliwa. Wadudu waliokufa aliwafagia, wengine wakaliwa na kuku, wengine akawafukia kwenye mashina. Viwavi aliwatoa kwa mkono maisha yake yote, akiwakemea kwa Kikisii kama watoto waliochelewa shule.

Uzeeni alituomba jambo moja tu: "Siku yangu, watu wale mboga zangu. Msiwape za kununua."

Mazishi yalipangwa Jumapili. Alhamisi, nikiwa nimeshafika nyumbani, wingu likapanda ziwani. Kufikia jioni mistari yote ya sukuma ilikuwa nyeusi, na Duke alikuwa na pampu mgongoni.

"Dada, watu mia mbili wanakuja. Hawa wakimaliza mboga, ombi la mama tutalitimizaje?"

"Ukipulizia leo, Jumapili nani atakula sumu?"

"Kwa hivyo tukae tu?"

"Tukae."

Nilichokiona nikiwa na miaka tisa, je, nilikiona vizuri? Emmaculate, ambaye sasa anatembea na mkongojo, alitusikia kutoka upande wake wa ua.

"Duke, weka hiyo kitu chini! Mamako atafufuka kabla ya siku yake aje akuchape."

Duke alicheka, kisha akalia, mara ya kwanza tangu siku ile ya simu. Akatua pampu. Tuliomba pale pale, tumesimama kati ya mboga.

Asubuhi wadudu walikuwa wamelala chini kama majani ya chai. Tulikung'uta jani la kwanza, zima. La pili, zima. Katika mstari wa mwisho tulikuta viwavi watatu, na Duke akawakemea kwa Kikisii.

Jumapili akina mama wa kanisa walichuma mboga, wakaziosha mara tatu, wakazipika kwa maziwa. Mzee wa kanisa, Oyaro, alisoma neno kuhusu wafu wanaomngoja Bwana. Tulimshusha mama kando ya baba, pale bustani inapoishia. Duke alitupa udongo, nikatupa mimi, na Emmaculate akatupa wake, akasema, "Lala, Mkisii." Vijana wakajaza kaburi. Tuliimba wimbo mmoja, tukanawa mikono, tukala mboga zake.