Mkaja Niliomfunga Binti Yangu

Hapa Mji wa Kale, binti wa mtu akijifungua huitwa mimi. Namkanda mzazi kwa maji moto, namlaza, kisha namzungushia mkaja tumboni, ule ukanda mrefu wa kitambaa, na kuukaza mpaka tumbo lirudi mahali pake. Wengine hulalamika kuwa umewabana. Siwasikilizi.

Basi binti yangu alipotoka hospitali na figo la kakake, nilijua la kufanya. Ama nilijidai kujua. Wauguzi walitwambia asibebe kitu, anywe dawa kwa saa, mkojo upimwe kila siku. Mkaja hawakuutaja, wangeujulia wapi? Nikaona mwanangu kapasuliwa, tumbo li wazi, lazima lishikwe. Nikamfunga.

Wiki ya tatu akasema mkaja umembana, na mguu wa kulia umekuwa mzito. Nikamwambia aache kudeka. Mkojo ukapungua kikombeni, nikasema ni yeye hataki kunywa maji. Jeuri yangu hiyo. Kakake alikuwa bado hajarudi kazini Kilindini, kidonda chake kikimuuma. Ndiye aliyeuminya ule mguu kwa kidole, shimo likabaki pale pale. Hakunikaripia. Alitoka kutafuta tuktuk.

Daktari akaufungua mkaja. Lahaula, upande mmoja wa tumbo ulikuwa umeumuka kama unga uliotiwa hamira! Akampaka mafuta ya baridi, akapitisha kile kifaa cha picha, akatuonyesha kwenye kioo: figo hili hapa, na huu weusi kando yake ni maji. Yalikuwa yamelikandamiza figo na kuubana mrija wa mkojo. Akayavuta kidogo kwa sindano yakapimwe, maana huenda ni mkojo uliovuja, au usaha. Kumbe ni maji ya mwili tu, yale yanayochuruzika mahali palipokatwa. Wakamtia mpira ubavuni, yakawa yanaingia kwenye mfuko. Yakakauka, wakauondoa, yakarudi. Ikabidi apasuliwe tena, yafunguliwe njia ya kumwagikia ndani ya tumbo, mwili uyanyonye wenyewe.

Mimi nilikuwa nje ukumbini. Sina watoto wengine. Wawili hao, na kila mmoja figo moja, na moja katika hayo nimelifunga kwa mikono yangu.

Nilimuuliza daktari kama ni mimi niliyeyaleta yale maji. Akasema hapana, mkaja haukuyaleta, uliyaficha.

"Mngekuja mapema, mama, figo lisingeumia hivi."

Lafanya kazi, alhamdulillahi, lakini si kama lilivyokuwa alipolitoa kakake. Litamfikisha wapi, hakuna anayetwambia. Binti yangu hanilaumu, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi.

Juzi jirani alikuja kuniita, binti yake kajifungua. Nikasema mikono yaniuma. Binti yangu alikuwa ameketi vile anavyoketi siku hizi, kiganja juu ya mshono. Alingoja jirani ateremke ngazi.

"Mama, mkaja uko wapi?"

Nikadhani ataniambia niende, yule kazaa, hakupasuliwa figo. Nikamwonyesha kabati. Akautoa, akaukunja vizuri, akashuka nao polepole akishikilia ukuta. Aliporudi aliketi pale pale.

"Nimewapa," akasema. "Watamfunga wengine."