Kanga za Karatasi

Desemba kwetu Chamazi jua haliombi ruhusa. Ikifika saa nne asubuhi mchanga wa uani unachoma nyayo, bati linalia ta, ta, ta juu ya vichwa, na umeme, kama unajua kwamba ndio tunauhitaji, unakatika. Mwaka ule mwanangu mdogo alijaa vipele vya joto mgongo mzima, nikapiga marufuku: hakuna mtoto kutoka nje kabla ya saa kumi alasiri. Kupiga marufuku ni rahisi. Kukaa ndani na watoto watatu mpaka saa kumi, hapo ndipo kazi ilipo.

Wawili nilikuwa nimewazaa mimi, wa miaka sita na wa miaka minne. Wa tatu, msichana wa miaka tisa, alikuwa wa mume wangu. Mama yake alifariki yeye akiwa mchanga, akalelewa Masasi na bibi yake mzaa mama. Sasa macho ya bibi yalikuwa yanafifia, na ni yeye mwenyewe aliyepiga simu kusema mtoto ahamie kwa baba yake, Januari aanze shule huku. Mume wangu akaniambia, "Aje likizo kwanza, atuone. Akikataa, mie simlazimishi."

Nilitaka akubali. Nitasema ukweli, mwanzoni nilitaka kwa ajili ya sifa. Mama wa kambo anavyosemwa duniani, nilitaka majirani waone kwamba wengine tuna utu. Halafu siku moja nilimkuta anampepea mdogo wake aliyelala, anatumia jalada la daftari, anabadilisha mkono ukichoka, wala hajui kama kuna mtu anamtazama. Tangu hapo sikuzikumbuka tena sifa. Nilimtaka yeye.

Lakini yeye alikuwa ameniwekea mpaka. Kila asubuhi alisema "Shikamoo," ikaishia hapo. Hakusema shikamoo mama, wala mama mdogo, wala chochote. Nikimwita anaitika "Abee" kwa adabu zote, anakuja, anasimama, anangoja atumwe.

Siku ya tatu ya kufungiwa ndani, wavulana wangu wawili walikuwa wameshavunja kikombe na kupigana mara mbili. Nikatoa kalenda za zamani zilizolundikana chini ya kitanda, nikazigeuza upande mweupe. Nikakoroga uji mzito wa ngano, bakuli moja nikatia bluu ya kufulia, nyingine bizari ya manjano. Nikakata bamia, kwa sababu bamia ukiikata kati na kuichovya kwenye rangi inapiga chapa ya nyota. Kitunguu kinapiga duara ndani ya duara. Sakafu nilikuwa nimeipiga deki, ina ubaridi kidogo. Wakalala juu yake kifudifudi, nikawaambia leo tunatengeneza kanga.

Niliwafundisha kama nilivyofundishwa. Pindo huzunguka pande zote. Katikati ni mji. Na chini ya mji kuna jina, yaani maneno. "Kanga bila jina ni pazia tu," niliwaambia. Mimi ni mtoto wa Kizaramo. Mama yangu na jirani yake walinuniana mwaka mzima kwa kanga, leo huyu kaanika neno, kesho yule kajibu, na hawakupandishiana sauti hata mara moja.

Wa miaka sita akaandika NATAKA BARAFU. Wa miaka minne hajui kuandika, akamwomba dada yake amwandikie TEMBO MKALI. Dada yake mwenyewe alichukua mchana mzima. Nyota zake zilinyooka, pindo halikukosea kona hata moja. Alipomaliza aliibandika ukutani kwa uji, akarudi nyuma kuitazama. Chini ya mji, kwa herufi nzuri kabisa, aliandika: WALI WA BIBI HAUNA CHUMVI NYINGI.

Miaka saba nilikuwa nampikia baba yake wali, na hakuna aliyewahi kulalamika.

Mtu mwenye busara angecheka. Mimi hasira zangu ziko karibu, hazihitaji nauli. Nikachukua karatasi, nikapiga nyota zangu, nikaandika jibu langu, nikalibandika ubavuni mwa la kwake: MGENI HULA ALICHOPEWA. Nikajiona mjanja. Mwanamke wa miaka thelathini na minne, nabishana na mtoto wa miaka tisa kwa bamia na bluu. Aliisoma, akaosha bakuli za rangi, akazifudikiza.

Asubuhi yake nilikuta godoro lake limekunjwa, shuka juu yake, na begi lake limesimama kando ya mlango, zipu imefungwa. Likizo ilikuwa imebakiza wiki tatu.

"Unakwenda wapi?"

"Siendi."

"Mbona umefunga begi?"

"Mgeni anaweka begi lake tayari," alisema.

Hakusema kwa jeuri, na hilo ndilo lililoniumiza. Nilitazama ukutani, karatasi yangu haikuwepo. Nilidhani wadogo zake wameichana, nikashukuru kimoyomoyo. Lakini neno lilikuwa limeshafika. Nilikuwa nimemwita mgeni ndani ya nyumba ya baba yake.

Nilimwambia nimekosa. Nilimwambia yeye alikuwa mtoto wa baba yake kabla mimi sijawa mke wa mtu. Hapo maneno yakaniishia, maana nilipokuwa mdogo hakuna mtu mzima aliyewahi kuniomba radhi, sikujua huwa wanamalizaje. Alikuwa anatazama vidole vya miguu yake. Nikaenda jikoni, nikarudi na kopo la chumvi, nikampa.

"Kuanzia leo chumvi ya nyumba hii unatia wewe."

Mchana alitia. Alichota kwa vidole vitatu, akafikiri, akarudisha kidogo kwenye kopo. "Bibi anasema chumvi ukiiona nyingi, imeshazidi," akasema. Ilikuwa sentensi ndefu kuliko zote alizowahi kuniambia. Jioni baba yao alikula sahani mbili, na kwa hilo nilimnunia mpaka kesho yake.

Tukaendelea na kanga. Ukuta wa sebule ukajaa mpaka usawa wa dirisha. Kila siku alitia chumvi, na siku moja alinicheka nilivyopiga chapa ya kitunguu nje ya pindo. Lakini begi halikutoka mlangoni. Nilikuwa nafagia nikilizunguka.

Wiki ya mwisho ya Desemba mume wangu alimwita, akamuuliza kama anabaki au anarudi. Mimi nilikuwa nachambua mchele, nikaacha kuona mchele.

"Narudi," akasema.

"Kuna kitu hukukipenda?"

"Hapana. Bibi haoni. Kanga zake namsomea mimi." Akalitazama begi lake. "Nikikaa huku atakuwa anavaa maneno asiyoyajua."

"Basi naye aje," nikasema.

Mume wangu alinigeukia kama vile sufuria ndiyo imesema. Yule ni mama wa marehemu. Angelala ndani kwangu, angekula kwenye sahani zangu, angenipima na binti yake kila kukicha. Yote hayo niliyajua baada ya kusema. Maisha yangu yote mdomo umekuwa ukinitangulia mahali pabaya, siku ile ulinitangulia mahali pazuri. Bibi alikataa kwenye simu, hataki kuwa mzigo wa watu. Mjukuu wake akaomba simu, akatoka nayo uani juani, akarudi akisema bibi anakuja kutuangalia, wiki moja tu.

Alifika mchana, na korosho kwenye mfuko, ameshikwa mkono na mkwewe. Nikasema, "Shikamoo mama." Akaitika, "Marahaba mwanangu," akaupapasa uso wangu kwa kiganja chake, akakaa chini kwenye mkeka.

"Nasikia ukuta wenu umevaa kanga," akasema. "Haya, nisomee."

Mjukuu akasoma moja moja. Tembo mkali, nataka barafu. Alipofika kwenye ile ya wali, bibi akacheka mpaka akafuta machozi. "Wewe mtoto! Umemsema mpishi wako? Naye alikujibu nini? Mwanamke wa pwani hakosi jibu."

Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa jikoni na mwiko mkononi. Mtoto alinitazama. Akaenda kwenye begi, akavuta zipu, akatoa nguo moja baada ya nyingine akizitupa sakafuni, na chini kabisa akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Niliitambua kabla hajaikunjua. Muda wote ule alikuwa nayo. Nilijua atasoma, nilijua ninastahili, na nilijua kwamba bibi ataondoka naye kabla wiki haijaisha.

Aliiweka mapajani mwa bibi. Bibi akapitisha vidole juu ya nyota za bamia zilizokauka. "Imeandikwaje?"

Mtoto akaweka kidole chini ya herufi ya kwanza, akakisogeza polepole, neno kwa neno, mpaka mwisho.

"Imeandikwa, 'Karibuni nyumbani.'"

"Jina zuri," akasema bibi. "Hiyo hata mimi ningeivaa."

Mtoto akaikunja tena, akaniletea jikoni, akaniwekea mkononi. Nikaitia kwenye makaa. Nililia, na sikusingizia moshi. Kule sebuleni begi lilikuwa wazi, tupu, na mdogo wake ameshaingiza miguu ndani yake anajifanya dereva.

Tui lilikuwa linachemka. "Chumvi bado," nikamwambia, na mwanangu akaenda kunawa mikono.