Mashine Iliyokunywa Chumvi

Petroli iliyochanganywa na oili ina harufu yake, nami ikinifikia popote hukasirika kabla sijajua kwa nini. Juzi jirani yangu alikuwa anakata majani kwa mashine, nikajikuta nimesimama dirishani nimefura. Basi nivumilieni niwaeleze nyinyi, maana watoto wangu nikianza habari hii hunijibu kwa Kiingereza kwamba wameshaisikia.

Tulitoka Kisumu wakati Wahindi wa Kenya walipokuwa wakiwahi ndege za London kabla Waingereza hawajawafungia mlango: Baba, Mama, mimi Nasim, na mdogo wangu aliyekuwa bado ananyonya. Tukapata vyumba viwili Queensbury, pembezoni mwa London. Kisumu, Baba alikuwa fundi wa mashine za boti, zile zinazofungwa nyuma ya chombo, na pale ziwani alisifika. London akawa anapanga balbu kwenye makasha kiwandani. Alirudi jioni, akala, akalala, bila neno. Nilikuwa na miaka kama tisa, na baba yule mpya nilimwogopa.

Kisha akasikia kwamba yadi moja ya boti kando ya Mto Thames inatafuta fundi. Mwenye yadi, Mwingereza mwenye mafua yasiyokwisha, alimwonyesha rundo la mashine kuukuu, akamwambia achague moja, akaifufue nyumbani, airudishe inanguruma. Akiweza, kazi ni yake.

Siku ile nilikuwa nimefuatana naye, nikamwona tena baba yangu wa Kisumu. Alizungusha mapangaboi kwa mkono, akayatikisa kushoto na kulia kusikiliza kama beringi zimelegea. Alifungua kizibo cha gia, akasugua oili kati ya vidole akitafuta unga wa chuma. Alitoa plagi, akaziba tundu kwa kidole gumba, akavuta kamba. Hewa ilipokisukuma kidole, akacheka. Pistoni bado zina nguvu, aliniambia. Akachagua mashine ya bluu iliyong'aa kuliko zote, tukapanda nayo basi, ameipakata kama mgonjwa, na abiria wote wanatutazama. Nilitamani kufa.

Nyumbani aliifunga kwenye pipa la taka lililojazwa maji, uani. Mama akatoka, mikono ina unga wa chapati. Sijawaambia kwamba Mama alikuwa mzaliwa wa Mombasa, binti wa fundi wa mashine hizohizo, na karakana ya babu ilikuwa uani kwao. Alifuta mikono, akachomeka kidole kwenye njia ya maji ya kupozea mashine, kisha akakilamba.

"Hii imekunywa chumvi, Baba Nasim. Ifungue uitazame ndani."

"Sasa mashine inaonjwa? Imetoka mtoni, Mama Nasim. Mto ni maji baridi, kama ziwa."

"Mto ule wapwa na kujaa. Mumeniambia wenyewe mumekuta boti zimekaa matopeni. Penye kupwa, bahari haiko mbali."

Baba hakuwahi kuishi penye maji yanayopwa. Alitazama plagi yake safi na oili yake safi, akavuta kamba. Mashine ikaitika. Moshi ukajaa uani, jirani akafunga madirisha kwa kishindo, nami nikashika masikio. Kwa muda mfupi ilinguruma vizuri sana. Halafu kile kitundu kinachotema maji kikaanza kutoa matone, kikakauka, rangi ya bluu ikatoa harufu ya kuungua, mashine ikalia mlio mmoja mbaya na kunoki. Alipoifungua, njia za maji zilikuwa zimejaa chumvi iliyoganda, nyeupe, ngumu.

Hapo ndipo walipoanza kunichosha. Baba hakusema "kweli." Mama hakusema "si nilikwambia." Wiki nzima walizungumza kupitia kwangu: mwambie babako chai iko tayari, mwambie mamako nimesikia. Chumba kilikuwa kimoja cha kukaa, jamani! Kila mmoja alikuwa hatua mbili tu kutoka kwa mwenzake.

Jumamosi iliyofuata Baba alimrudishia mwenye yadi maiti yake, akamwomba nafasi nyingine. Yule bwana akapenga kamasi, akasema moja tu, ya mwisho. Tulikuwa wote safari hiyo, Mama amemfunga mdogo wangu mgongoni chini ya koti. Baba akasimama mbele ya rundo, hagusi kitu. Mama akasimama nyuma yake, hasemi kitu. Baba hataki kuuliza, na Mama haongei asipoulizwa. Baridi inanikata miguu, na kazi yetu iko pale kwenye tope inawasubiri watu wazima wawili wamalize kununa. Nilikuwa karibu kupiga kelele.

"Mama Nasim," Baba akasema mwishowe, akitazama mtoni. "Hebu."

Mama akapita kwenye mashine moja baada ya nyingine, anachomeka kidole, analamba, anatema kwenye leso. Chumvi. Chumvi. Hii pia. Akasimama kwenye moja mbaya isiyo na kifuniko, beringi zake zinacheza, nguvu ya pistoni kidogo.

"Hii haijaonja bahari," alisema. "Mengine wayaweza mwenyewe."

Aliyaweza. Iliwaka, ikatema maji, na Baba akaachana na balbu.

Lakini mimi sikupumzika. Tangu hapo, kila ilipoletwa mashine yadini, Baba aliingiza tambara kwenye njia ya maji, akalikunja kwenye gazeti na kuja nalo jikoni kwetu, linanuka petroli, amkabidhi Mama. Mama aliacha mwiko, akaligusa kwa ncha ya ulimi, akatoa hukumu. Miaka na miaka! Nilipokuwa msichana mkubwa niliwagombeza wote wawili. Nikawaambia watajiua kwa sumu. Hawakunisikia.

Nilikuwa nimeshaolewa, siku moja tunakula kwao, Baba alipoonja mchuzi na kusema chumvi imepungua kidogo. Ilikuwa imepungua kweli, kidogo mno, mimi sikuigundua. Nikabaki na tonge mkononi namtazama. Ulimi wake ulikuwa mzima miaka yote ile, na lile tambara angeweza kulionja mwenyewe palepale yadini. Alilibeba kwenye basi hadi Queensbury kwa sababu lile neno "kweli" lilikuwa limemshinda kumtamkia Mama. Mama alijua tangu tambara la kwanza, na ndiyo maana hakuna hata siku moja aliyolikataa.