Pipa la Maji ya Mzazi

Pipa lilianza kuvuja katikati ya arobaini yangu ya uzazi. Lilikuwa pipa la mafuta lililokatwa juu, limekalishwa kwenye mafiga uani, na ubavuni mume wangu alilitia bomba dogo ili mtu asihangaike kuchota kwa kopo. Alilitengeneza kwa mikono yake mimba yangu ilipoanza kuwa nzito. Kazi yake ilikuwa ufundi bati: ndoo, karai, vibatari, masanduku ya wasafiri. Wanawake wa mtaa wetu pale Kariakoo walikuja kulitazama pipa, wakafungua bomba, wakaona maji ya moto yanatoka yenyewe, wakacheka na kusema huyu ndiye kaolewa.

Basi likatoboka chini, kwenye mshono. Maji yakawa yanadondokea kuni, moto unazimika, ua mzima unajaa moshi, na bibi mkunga anakohoa na kulaani. Mimi nilikuwa chumbani nimelala chali, nasikiliza. Habari ya pipa ndiyo iliyozungumzwa nyumbani kwetu siku zile zote. Ya mtoto haikuzungumzwa.

Mtoto wangu alikuwa wa kike. Alizaliwa salama, akalia, akanyonya, na alfajiri moja nikamkuta amepoa. Hakufika siku ya saba. Kwetu sisi watu wa pwani, siku ya saba ndiyo mtoto hunyolewa nywele na jina lake likatangazwa. Kabla ya hapo ni mgeni tu. Kwa hiyo alizikwa akiwa mgeni. Mama mkwe, ambaye nyumba ilikuwa yake, aliwaambia waliokuja kuzika kwamba mtoto hajapata jina, na hakuna aliyeuliza zaidi.

Sikulia. Watu walisubiri nilie, nami niliwasubiri waondoke. Walikuja na "Mungu kampenda zaidi", walikuja na "utapata mwingine, bado kijana wewe", nikaitikia amina mahali pa amina. Mwili ulikuwa na ganzi na moyo ulikuwa na ganzi. Maziwa yalijaa yakanilowesha kanga, nikawa nayatazama kama ya mtu mwingine. Wanaume walipita dirishani wakitoka mikutanoni Mnazi Mmoja, wanabishana juu ya uhuru kwa sauti kubwa, na mimi nikatamani tu wapite upesi.

Lakini arobaini ni arobaini. Mama yangu mzazi alikuwa ameshafariki, ndiyo maana nilijifungulia ukweni badala ya kwetu, na mama mkwe alinitafutia mkunga wa kunikanda asubuhi na jioni. Aliyekandwa anajua. Maji yanachemshwa na majani, kitambaa kinachovywa, kinakamuliwa, kinabandikwa tumboni na kiunoni kikiwa bado kinatoa mvuke, halafu tumbo linafungwa mkaja mpaka pumzi inakwama. Yanatakiwa maji mengi, tena ya moto kweli. Pipa lilipoanza kuvuja yakawa yanakuja ya uvuguvugu, na mkunga akawa hana raha.

"Unasikia moto?" aliniuliza.

"Nasikia."

"Husikii. Maji haya ya kuoshea vyombo."

Wifi yangu, dada wa mume wangu, alikuwa na maoni yake, na maoni yake hayakujua kunong'ona. Aliyasema uani akichambua mchele: kwa nini watu wanasumbuka na pipa? Sufuria moja inatosha. Arobaini ni ya mtu na mwanawe. "Sasa huyu mzazi wa nini?" akauliza. Hakuwa mbaya, wifi yangu, alikuwa hana breki. Mkunga alimjibu kwamba tumbo halijui kama mtoto yupo au hayupo, wakaendelea kubishana hivyo, na mimi nikageukia ukuta.

Mpangaji wetu wa chumba cha mbele, mke wa muuza duka kutoka Kilimanjaro, ndiye peke yake ambaye hakuingia katika mabishano hayo. Kwao mzazi hulishwa mtori, ndizi zilizopondwa na mchuzi wa nyama, naye alikuwa ananiletea bakuli tangu siku niliyojifungua. Hakuacha. Aliliweka mkekani, akasema "pole", akaenda zake. Nilikula kwa sababu ni aibu kurudisha chombo cha mtu kikiwa na chakula.

Wengine walinirudisha nilikotoka. Nilipoolewa nyumba ile waliniita bi harusi. Nilipojifungua wakaniita mzazi. Baada ya mazishi nikawa bi harusi tena, pamoja na maziwa yangu na mkaja wangu.

Mume wangu naye aliondoka alfajiri kwenda kibandani kwake, upande wa pili wa soko, akarudi magharibi. Chumbani alikaa ukingoni mwa kitanda, akaniuliza kama nimekula, nikajibu nimekula. Basi. Mama yake akimwambia azibe pipa, jibu lilikuwa moja.

"Limekwisha hilo, Mama. Nitaleta jipya."

"Limekwisha wapi? Zima hilo, mshono tu. Kiraka na misumari ya ribiti, si kazi yako hiyo?"

"Jipya ni jipya."

Na jipya halikuja. Siku zilipita, mafundi wenzake wakasikia, wakaanza kumtania kwamba kinyozi hajinyoi. Hata hilo halikumgusa. Alikuwa anaziba sufuria za watu wa Ilala na Gerezani, na pipa la mkewe linavuja.

Nilifikiri jambo hili mpaka nikapata jibu langu. Mtu aliyetengeneza pipa kwa ajili ya mzazi akikataa kuliziba, maana yake haoni mzazi wa kumzibia. Anaona kama dadake anavyoona. Na ikiwa mimi si mzazi, basi yule hakuzaliwa. Ni kama nilipata homa tu, nikapona, mambo yakaisha. Katika ganzi ile nilitaka kitu kimoja tu, tena nilikitaka kwa mbali: mtu mmoja wa nyumba ile akubali kwamba nilizaa. Nilitaka awe yeye. Sikumwambia. Mwanamke wa umri wangu, miaka ile, hakumwambia mumewe maneno kama hayo, na hata ningeruhusiwa nisingeyapata mdomoni.

Mama mkwe alikuja kuniuliza mwenyewe. Alisimama mlangoni, mkono kiunoni.

"Maji ni yako. Lizibwe, au tungoje jipya?"

"Vyovyote, Mama."

"Vyovyote si jibu."

Akaondoka akisonya.

Hakuwa mtu wa kungoja. Asubuhi moja alijitupia buibui, akatoka, akarudi na fundi mwingine. Hebu fikiria: kumleta fundi bati katika nyumba ya fundi bati! Yule bwana mwenyewe alikuwa haamini. Niliisikia sauti yake uani, anaamkia mara mbili, anasifu ua ulivyofagiliwa, anasifu bomba lilivyotiwa vizuri, anafanya kila kitu isipokuwa kazi.

"Mwenyewe anajua, Mama?"

"Mwenyewe ni mimi. Nyumba yangu, pipa langu."

"Nauliza tu, maana sisi tunakaa jirani kibandani."

"Baba, umeletwa kuziba au kuhoji?"

Basi akamwaga maji, akalipindua pipa, akaanza kukwangua masizi. Nyundo ilipogonga mara ya kwanza nadhani ilisikika mpaka sokoni, maana Kariakoo habari haihitaji miguu. Jua lilikuwa halijafika utosini nilipomsikia mume wangu anaingia. Alipita ukumbini haraka, mlango wa chumba changu hakuutazama.

"Shikamoo, Mama," alisema. Alikuwa na hasira, lakini aliamkia kwanza.

"Marahaba. Umekuja kumsaidia mwenzio?"

"Mwambie aache."

"Aache kwa nini? Wewe umeshindwa."

"Sijashindwa. Nataka litoke humu ndani. Nilisema nitaleta jipya."

"Lini? Mwaka wa kesho? Mkeo anakandwa na maji ya uvuguvugu, wewe unaziba vyombo vya watu! Una nini wewe?"

Niliinuka. Sijui kwa nini niliinuka. Mzazi hatoki chumbani kabla ya arobaini, na hata asiyekuwa na mtoto alijua hilo. Nilijishika ukutani, nikafika mlango wa uani, nikasimama. Jua liliniumiza macho. Mama mkwe alikuwa na mikono kiunoni, wifi ungo wa mchele mapajani, yule fundi kachuchumaa na nyundo yake. Mume wangu alikuwa kanipa mgongo, analitazama pipa lililopinduliwa.

"Siku ile mlinituma maji ya kumwogeshea," alisema. "Unakumbuka, Mama?"

Mama mkwe alishusha mikono kiunoni.

"Mlisema yawe vuguvugu. Nikafungua bomba hili, nikajaza karai. Nikatia kiwiko, kama ulivyonionyesha alipozaliwa. Nikaona ya moto. Nikaongeza ya baridi. Nikatia kiwiko tena." Alikishika kiwiko chake. "Mama, nilikuwa naogopa yasije yakamwunguza. Mtoto kafa, kalala pale anangoja kuoshwa, mimi nahangaika yasimwunguze."

Yule fundi aliiweka nyundo chini polepole.

"Mimi si kwamba siwezi kuziba," mume wangu akasema. "Nikilishika tu, naliona lile karai."

"Basi, mwanangu," mama mkwe alisema, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Basi litupwe. Litupwe leo leo."

Alikuwa anageuka kumwita mtu wa kulibeba alipogundua nimesimama pale. Wote wakanitazama. Mume wangu naye akageuka. Uso wake ulikuwa umekonda, na mimi nilikuwa sijauona, ingawa nililala naye kitanda kimoja siku zote zile. Nikaona haya kwa ajili yetu wawili.

"Wewe unasemaje?" akaniuliza. Kisha akaniita. Alisema Mama, akafuatisha jina.

Mtu wa kwetu akisikia hivyo haulizi maana yake. Mwanamke akizaa huitwa kwa jina la mwanawe. Lakini jina lile lilikuwa halijatajwa na mtu yeyote katika nyumba ile, hata mimi nilikuwa silijui. Mtoto alipozaliwa, baba yake alimchukua akamsomea adhana sikioni, na baada ya adhana akamnong'oneza jina lake, akaliweka moyoni aje alitangaze siku ya saba. Siku ya saba haikufika, naye akabaki nalo. Watu walikuja, wakazika, wakala, wakaondoka, yeye kalibana kifuani peke yake. Hivyo ndivyo nilivyolijua jina la binti yangu, nimesimama mlangoni na kanga imelowa. Silitaji hapa. Haya yote nimeyaandika bila jina la mtu, sitaanza na lake.

Nilitaka alirudie. Nilitaka hivyo kwa nguvu nilizokuwa sijui kama bado ninazo.

"Mama nani?" wifi aliuliza kwa sauti ndogo, na mume wangu akalirudia.

"Ndilo jina lake?" akauliza mama mkwe.

"Ndilo. Analijua mwenyewe. Nilimwambia."

Mama mkwe aliketi juu ya kinu. Alilisema lile jina peke yake, akalisema tena, kama mtu anayeonja mchuzi aijue chumvi yake. Mimi sasa nilikuwa nalia, tena nalia vibaya, kwa kelele, kamasi na yote, mbele ya fundi wa watu.

"Usilitupe," nikamwambia mume wangu. "Nguo zake tumezigawa. Kitu kingine kilichomtumikia humu ndani hakuna. Lizibe wewe."

Alinitazama, akamtazama mwenzake. Yule fundi akainuka, akamwachia nafasi na nyundo, akasema anakwenda kibandani kuleta ribiti nzuri zaidi. Mume wangu akachuchumaa. Alilishika pipa kwa mikono miwili, akakaa hivyo muda kabla ya kuanza kutafuta tundu.

Nilitaka kubaki nimtazame. Mama mkwe akaniona natetemeka, akainuka kwenye kinu, akaja akanishika bega na kunigeuza. Akaniita Mama, akalitaja jina la mjukuu wake, akasema, "Rudi ndani, mwanangu. Upepo huu si wa mzazi."