Neno Lililoandikwa Chini ya Karatasi ya Kaka

Mimi ni mwalimu wa Kiingereza, na nimejivunia hilo kuliko inavyofaa. Kwetu Nyacheki, karatasi yoyote ya Kiingereza hungoja nije kutoka Kiogoro, nilikopanga nyumba. Kwa hiyo kaka yangu alipoanguka akichuma chai, akatetemeka na kutokwa povu, mtu mzima ambaye hajawahi kuugua kifafa, ni mimi niliyempeleka hospitalini mjini.

Walimpima damu, wakampiga picha ya kichwa, wakampa dawa. Chini ya karatasi daktari aliandika neno moja: idiopathic. Nilijua maana yake, lakini niliuliza, nikiomba niwe nimekosea.

"Ina maana hatujaona chanzo, mwalimu," akasema. "Hutokea. Ameze dawa, asiache."

Nililiogopa neno lile kuliko ugonjwa wenyewe. Baba mdogo alikuwa ameshatamka mbele ya ukoo: daktari akiona kitu, tutanyamaza, asipoona, tunajua wa kumuuliza. Sote tulimjua. Ni mke mdogo wa marehemu babu, mjane anayeishi peke yake kule chini karibu na mto. Kosa lake ni kuishi miaka mingi, na kupita kando ya chai ya kaka siku mbili kabla hajaanguka. Bibi wa namna hiyo hachelewi kuitwa omorogi, mchawi. Nikiwa msichana niliona mahali palipokuwa na nyumba ya mwingine aliyeitwa hivyo. Palikuwa na majivu na bati lililokunjamana.

Tukiwa kwenye benchi nje ya dirisha la dawa, kaka amesinzia begani mwangu, nilifungua kamusi kwenye simu. Ikarudia yale yale ya daktari. Lakini chini yake palikuwa na asili ya neno. Limetoka kwa Wagiriki: idios, cha mtu mwenyewe, pathos, mateso. Nikasoma mara tatu. Wagiriki wa kale, ambao sikuwahi kuwashukuru kwa lolote, niliwashukuru siku hiyo.

Jumamosi, baada ya ibada ya Sabato, ukoo ulijaa sebuleni kwa kaka. Vijana walibaki uani kando ya pikipiki, na juu ya kiti cha pikipiki palikuwa na jerikeni ya petroli. Huenda ilikuwa ya pikipiki tu. Sikuthubutu kuuliza.

"Mwalimu, tusomee," baba mdogo akasema kwa Kigusii. "Daktari ameona nini?"

Nikailaza karatasi mezani.

"Ameona ugonjwa wa mtu mwenyewe," nikasema. "Neno ni la Kigiriki, lugha ile ile ya Agano Jipya. Mateso ya mtu mwenyewe. Yametoka mwilini mwake, hakuna aliyemtumia."

"Imeandikwa hivyo?"

"Imeandikwa, baba."

Aliikodolea macho karatasi, akaigeuza, akairudisha. Mimi nilihofia kwamba mtu atatoa simu na kulitafuta neno lenyewe. Hakuna aliyetoa. Baba mdogo akasema tuombe. Sikufumba macho, niliitazama ile jerikeni kupitia dirishani. Pikipiki ilipowashwa ikaelekea barabarani, si kule mtoni, ndipo nilipoitikia amina, peke yangu, wenzangu wameshakaa.

Kesho yake asubuhi, nikiwa bado kwa kaka, yule bibi wa mtoni alipanda mlima polepole, na bakora mkono mmoja na chupa ya uji wa wimbi mkono wa pili.

"Wameniambia uliisoma vizuri ile karatasi," akasema. Akanimiminia kikombe, akanipa kwa mikono miwili. "Kunywa, mjukuu wangu. Umekonda."

Nilimwambia nitakunywa ukipoa. Tukaongea habari za mvua, kisha akaniaga. Nilibaki na kikombe mkononi. Nilijua uji ule ulikuwa uji tu. Ni mimi niliyeuambia ukoo mzima kwamba hakuna aliyemtumia kaka ugonjwa. Hata hivyo niliogopa, nikaenda kwenye migomba, nikaumwaga wote, nikasuuza kikombe mara mbili.

Nilipogeuka, alikuwa amerudi kuchukua bakora yake aliyoisahau mlangoni. Aliutazama uji ukinywea kwenye udongo. Akaichukua bakora, akaniambia nihakikishe kaka yangu haachi dawa.